Rweya Nyeusi ya Illinois

Mtu wa Ijuganyondo, Bukoba, mkoani Kagera, akishushwa leo kwenye barabara ya kuingia Beardstown, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, hatachelewa kuuliza: wenyewe wako wapi? Barabara imenyooka, mahindi kulia, soya kushoto. Nyumba moja ya mbao inaonekana kwa mbali, pamoja na banda lake la mabati na miti minne mitano ya kukinga upepo, kisha ni mahindi tena. Hakuna migomba inayoficha ua wa jirani, hakuna njia ya miguu, hakuna mama aliyepanga mikungu ya ndizi kando ya lami. Mashamba yamejaa, watu hawapo.

Sensa inasema hivyo hivyo. Kaunti ya Cass, ambayo Beardstown ndio mji wake mkubwa, ina eneo la kilometa za mraba 970 hivi, na mwaka 2020 ilikutwa na watu 13,042. Ni watu 13 kwa kila kilometa ya mraba. Mkoa wa Kagera, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 3, yaani zaidi ya 100 kwa kilometa ya mraba, na hapo mapori ya Biharamulo na Ngara yameingizwa kwenye hesabu. Ukanda wa migomba wa Bukoba na Muleba umebanana kuliko hapo. Beardstown yenyewe ilihesabiwa watu 5,951. Manispaa ya Bukoba inaizidi zaidi ya mara ishirini. Hata hivyo Beardstown ina meya, polisi, reli, shule ya sekondari na gazeti lake, na hakuna anayeiita kijiji.

Kwa Mhaya, mwenyeji wa Bukoba na Muleba, ardhi ya huko ni kama imepinduliwa. Buhaya rutuba iko kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na imetengenezwa kwa mikono: samadi, maganda ya ndizi, nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, kizazi baada ya kizazi. Rweya yenyewe, yaani mbuga ya nyasi nje ya vibanja, ni fukara. Hulishiwa ng'ombe, hukatwa nyasi, hupandwa njugumawe na mikaratusi, basi. Illinois mambo ni kinyume, maana huko rweya ndiyo tajiri. Barafu nene ya zamani ilisaga miamba, upepo ukapeperusha vumbi lake laini na kulilaza juu ya tambarare, kisha nyasi ndefu kumpita mtu zikaota, zikafa na kuoza hapo hapo kwa maelfu ya miaka. Udongo ukawa mweusi, mzito.

Walowezi wa kwanza waliudharau, wakidhani ardhi isiyoota miti haiwezi kuotesha chakula. Waliojaribu kuulima walichoka, kwa sababu ulinata kwenye jembe, na mkulima alilazimika kusimama kila baada ya hatua chache aukwangue. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Grand Detour, katika jimbo hilo hilo, alitengeneza jembe la kukokotwa lenye ubapa wa chuma cha pua uliosuguliwa ukang'aa, na udongo ukawa unateleza wenyewe. Mhunzi huyo aliitwa John Deere. Matrekta ya kijani yenye jina lake yanalima mpaka Tanzania. Nyasi zile hazikupona. Katika jimbo zima haijabaki hata sehemu moja kwa elfu ya rweya ya asili.

Uangalie Beardstown na mashamba yake kutoka angani, utaona miraba. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya magharibi ipimwe kwa vipande vya maili moja kwa maili moja, kila kipande ekari 640, na vipande 36 vifanye kata moja. Vilipimwa na kuuzwa hata kabla mnunuzi hajafika kuviona. Ndiyo maana barabara hukutana kwa pembe mraba, na mpaka wa shamba haujali kijito wala kilima. Omuramura uliopandwa na babu kuonyesha mwisho wa kibanja hauna kazi huko, kwa kuwa mpaka uko kwenye karatasi za ofisi ya kaunti. Makaburi nayo kwa kawaida hayako shambani. Wafu wengi huzikwa kwenye eneo la pamoja, hivyo anayeuza shamba hauzi kaburi la baba yake. Pengine hilo ndilo linalorahisisha biashara ya ardhi kuliko sheria zote.

Na biashara hiyo imefanyika sana. Shamba la wastani katika Illinois sasa lina ekari 370 hivi. Kibanja cha kawaida cha Buhaya hakifiki ekari tatu. Familia moja, baba na kijana wake na mitambo yao inayoongozwa kwa setilaiti, hupanda mamia ya ekari kati ya Aprili na Mei na kuvuna mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Mahindi yenyewe si ya ugali. Ni ya njano, magumu, na karibu yote huishia kwenye matumbo ya nguruwe na kuku, kwenye viwanda vya kutengeneza kilevi cha kuchanganya na petroli, au kwenye meli za kwenda ng'ambo. Kadiri mashine zilivyoongezeka ukubwa, ndivyo watu walivyopungua. Miaka mia moja iliyopita kaunti ya Cass ilikuwa na watu zaidi ya 17,000.

Kando ya mji, udongo mweusi unaupisha mchanga wa mto, na humo hustawi matikiti maji. Beardstown hujiita makao makuu ya matikiti ya taifa zima, cheo ambacho miji mingine kadhaa ya Marekani nayo imejivika.

Mto ndio uliouzaa mji. Mwaka 1819 Thomas Beard alifika mahali palipokuwa na makazi ya Wakickapoo, wenyeji wa asili, akaanza kuvusha watu kwa pantoni na kufanya biashara. Baadaye viwanja vikapimwa na mji ukachukua jina lake. Mto Illinois una urefu wa kilometa 440 hivi, unaanzia kusini-magharibi mwa Chicago na kumwaga maji yake Mississippi. Mwaka 1900 Chicago, ikihofia kunywa uchafu wake yenyewe, ilichimba mfereji na kuugeuza mto wake uache kuingia Ziwa Michigan, uelekee upande wa mto Illinois. Maji ya chooni ya jiji kubwa yakawa mali ya watu wa chini. Mafuriko ya 1922 yaliingia mjini, na baadaye ukajengwa ukuta. Leo mtu anaweza kutembea katikati ya mji asiuone mto mpaka apande juu ya ukuta huo. Aliyewahi kuokoa magodoro mto Kanoni wa Bukoba ulipofurika hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyuma ya ukuta hupita matishari. Tishari moja hubeba tani 1,500, yaani shehena ya malori hamsini ya tani thelathini. Kumi na tano hufungwa pamoja na kusukumwa na boti moja, na nafaka huteremka hadi New Orleans. Kelele za injini za boti huwarusha samaki. Samaki hao ni kapu wa Kichina, walioletwa Marekani kusini miaka ya 1970 kusafisha mabwawa, wakatoroka na kupanda mito. Hurukia ndani ya mitumbwi, hugonga watu usoni, na wamewanyang'anya samaki wa asili chakula. Mvuvi wa Bukoba aliyerithi ziwa lililowekwa sangara miaka ya 1950 anaijua hadithi hiyo, ila kwake kuna tofauti moja kubwa: sangara alipata soko Ulaya, na kapu bado anabembelezewa walaji.

Hali ya hewa haina mengi. Januari usiku ni chini ya sifuri na ardhi inakuwa ngumu kama jiwe. Julai joto hupita nyuzi 30 na mahindi hurefuka karibu mbele ya macho.

Mji umewahi kusikika mara mbili nchini kote. Ya kwanza ni Mei 1858, Abraham Lincoln, akiwa bado wakili, alipomtetea kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi alidai aliona kila kitu kwa mwanga wa mbalamwezi. Lincoln akafungua kalenda ya nyota na kuonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa karibu kutua. Kijana akaachiwa, na jengo la mahakama bado lipo. Ya pili ni ya akina mama waliounda kikundi cha kuwekeza hisa mwaka 1983, aina ya VICOBA ya wazee wenye kujipanga. Walitangaza faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka, kitabu chao kikauzwa kama njugu. Mwaka 1998 wakaguzi wakapiga hesabu upya: asilimia 9.1. Michango ya wanachama ilikuwa imechanganywa na faida.

Lakini sura ya mji wa leo imechorwa na nguruwe. Kwa vizazi vingi Beardstown ilikuwa mji ambao mtu mweusi alitakiwa awe ameondoka kabla jua halijazama, na sensa ya 1990 ilikuta karibu kila mkazi ni mzungu. Mwaka 1987 kampuni ya Oscar Mayer ilifunga machinjio yake hapo; Cargill ikayachukua kwa mishahara ya chini, na wenyeji wengi hawakurudi kazini. Wakaja Wamexico. Mwaka 1996, baada ya mwenyeji kuuawa kwa risasi, msalaba ulichomwa moto mjini, baa moja ikateketezwa, na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakafanya mkutano. Wageni hawakuondoka. Kufikia 2010 mkazi mmoja kati ya watatu alikuwa na asili ya Amerika ya Kilatini.

Baada yao walifuata Watogo na Wakongo, wengi kwa viza za bahati nasibu, na si wachache wenye shahada walizozipata Lomé na Kinshasa. Leo machinjio, yaliyo mikononi mwa kampuni ya JBS tangu 2015, yana wafanyakazi wapatao 2,000 na huchinja zaidi ya nguruwe 15,000 kwa siku. Aliyekuwa mwalimu nyumbani husimama kwenye mstari wa baridi na kisu mkononi, akikata kiungo kile kile mara maelfu kwa zamu moja. Kwa kuwa mji haukuwa na mtaa wa weusi, Waafrika walipanga nyumba popote zilipokuwa wazi, jirani na wazungu na Wamexico, jambo ambalo Chicago yenyewe imeshindwa.

Watoto wa shule husoma kwa Kiingereza na Kihispania darasa moja, Mkongo akiongeza Kilingala na Kifaransa cha nyumbani. Hata hivyo kati ya 2010 na 2020 mji ulishuka kutoka watu 6,123, na kaunti ikapoteza watu 600.