Walimu Waliosomeshwa kwa Posta

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 watoto walifurika mashuleni, lakini walimu wengi wa shule za msingi walikuwa hawajapata mafunzo ya kazi yao. Kuwaita wote vyuoni hakukuwezekana. Nani angebaki darasani? Tume ya Elimu ya mwaka 1964, chini ya Bwana Simeon Ominde, ilishauri masomo kwa njia ya barua na redio, na mwaka 1967 idara ya kazi hiyo ikaanzishwa Kikuyu, chini ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi.

Mwalimu alipelekewa vijitabu, na Sauti ya Kenya ikatangaza mafundisho yaliyoambatana navyo. Usiku, akiisha kusahihisha madaftari ya watoto, alikaa penye taa kufanya mazoezi yake mwenyewe, akayatia posta, kisha akangoja. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Karatasi irudiyo upesi, pamoja na maneno ya msahihishaji, humtia mtu moyo. Ile ikawiayo miezi miwili humkuta amekwisha kulisahau swali lenyewe. Na betri za redio nazo hazikuwa bure.

Aliyefaulu aliweza kupandishwa kutoka daraja la P3 hadi P2, na mshahara ukaongezeka. Vijana waliokosa nafasi katika shule za sekondari nao waliyatumia masomo hayo kujitayarisha kwa mtihani wa kidato cha pili.

Wakati wa likizo wanafunzi walikutanishwa na wakufunzi wao, wakauliza yale ambayo barua haikuyaeleza.