Intaneti Iko, Lakini Printa Haionekani: Anza Hapa Kabla ya Kutafuta Fundi

Ni Ijumaa jioni. Kesho asubuhi chama kinakutana na wewe ndiye mweka hazina. Umepakua stetimenti ya miamala ya miezi 3 kwenye kompyuta ya nyumbani, ukabonyeza ichapishwe, na kompyuta inakwambia printa haipatikani. Ukiangalia, printa inawaka, Wi-Fi iko, hata video zinacheza bila kukwama. Sasa shida iko wapi?

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia kutafuta namba ya fundi mtandaoni, na hapo ndipo walaghai hutungoja. Usiwe na haraka. Mara nyingi tatizo hili unaweza kulimaliza mwenyewe, bila kulipa mtu.

Intaneti na mtandao wa nyumbani ni vitu viwili

Ruta yako ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta intaneti kutoka nje. Ya pili ni kuunganisha vifaa vya ndani ya nyumba ili viongee: kompyuta, printa, simu, runinga. Kazi moja inaweza kuwa sawa huku nyingine imekwama. Ni kama ploti: lango la barabarani kuwa wazi hakumaanishi milango ya ndani nayo iko wazi. Kwa hivyo kompyuta kufungua Google si ushahidi kwamba inaiona printa.

Hatua ya 1: Je, vifaa viko kwenye Wi-Fi moja?

Angalia jina la Wi-Fi kwenye kompyuta, kisha kwenye printa. Kumbuka siku stima ilipopotea ukawasha hotspoti ya simu? Huenda kompyuta bado iko kwenye hotspoti hiyo, inakula bando lako, ilhali printa imesharudi kwenye ruta.

Angalia pia kama kompyuta iko kwenye Wi-Fi ya wageni, ile ambayo jina lake huwa na neno "Guest". Mara nyingi Wi-Fi hiyo huwekwa makusudi ili vifaa visionane. Rudisha kompyuta kwenye Wi-Fi kuu.

Hatua ya 2: Zima na uwashe kwa mpangilio

Zima vyote. Washa ruta kwanza na usubiri dakika 2 au 3. Kisha washa printa, mwisho kompyuta. Mpangilio huu una sababu: ruta ndiyo hugawa anwani kwa kila kifaa. Stima ikipotea na kurudi, printa inaweza kupewa anwani mpya huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwa ile ya zamani. Ni sawa na kumtumia mtu pesa kwa namba aliyoacha kuitumia.

Hatua ya 3: Soma anwani

Kama unatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig na ubonyeze Enter. Tafuta mstari wa "IPv4 Address".

- Ikianza na 169.254, kompyuta haijapata anwani kutoka kwa ruta. Ondoka kwenye Wi-Fi, ingia tena, kisha urudie hatua ya 2.
- Ikianza na 192.168, kwa kawaida iko sawa. Linganisha na anwani ya printa, ambayo utaipata kwenye menyu yake ya mtandao. Katika nyumba nyingi, mafungu matatu ya kwanza hufanana, kwa mfano 192.168.1.5 na 192.168.1.9. Yakitofautiana, huenda kila kifaa kiko kwenye mtandao wake.

Sasa andika ping, acha nafasi, kisha uandike anwani ya printa. Ukiona majibu yanayoanza na "Reply from" na anwani hiyo ya printa, njia iko. Basi ondoa printa kwenye orodha ya kompyuta na uiongeze upya, ili ishike anwani ya sasa. Usipopata jibu, rudi hatua ya 1 uangalie tena.

Hatua ya 4: Wi-Fi ni yako, au ni ya ploti nzima?

Kwenye Windows 10 na 11, kila Wi-Fi huwekwa kama "Public" au "Private". Ikiwa "Public", kompyuta hujificha isionekane na vifaa vingine, na huenda isiorodheshe vilivyo karibu. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi unayotumia, kisha uguse "Private".

Lakini tulia hapo kidogo. Fanya hivyo tu kama Wi-Fi ni ya nyumba yako. Kama unatumia ya ploti, ya kazini, au ya hoteli, iache "Public". Kompyuta yenye rekodi za biashara yako haifai kuonekana na kila jirani.

Hatua ya 5: VPN na fayawali

Kama unatumia VPN, izime kwa muda ujaribu tena. Baadhi huzuia kompyuta isiongee na vifaa vya nyumbani. Kuhusu fayawali, ile kinga ya kompyuta, mtu akikwambia uizime kabisa ili mambo yaende, usikubali. Kuweka Wi-Fi yako kuwa "Private" hutosha mara nyingi, na kinga inabaki kazini.

Usimwachie mgeni usukani

Tuseme umeshindwa ukatafuta msaada. Jamaa anakupigia, anasema anatoka kampuni ya intaneti, na anataka uweke programu ya kumwezesha kuiona kompyuta yako akiwa mbali. Ukikubali, anaweza kuona kila kitu kwenye skrini: barua pepe, stetimenti, nenosiri ulizohifadhi. Kisha anaomba "ada ndogo" kwa simu, au anataka umsomee kodi iliyoingia kwa SMS.

Kata simu. Kurekebisha printa hakuhitaji PIN yako, wala kodi ya SMS. Sisi pia hatutakupigia kukuomba PIN, hata siku moja. Ukihitaji fundi, mwite unayemjua, kaa naye akifanya kazi, na umlipe akishamaliza. Kabla ya kutuma, soma jina linaloonekana kwenye simu.

Na kama tayari umeweka programu ya aina hiyo, toa kompyuta kwenye intaneti mara moja na uifute. Kwa kutumia simu yako, badilisha nenosiri la barua pepe na PIN, kisha utupigie kwa namba rasmi za huduma kwa wateja.

Usiku umeingia na bado haionekani?

Chukua waya wa USB uunganishe printa na kompyuta moja kwa moja. Hapo huhitaji ruta wala Wi-Fi. Huna waya na itabidi uende saiba kesho mapema? Sawa, lakini ukimaliza, futa faili kwenye kompyuta yao, itoe pia kwenye pipa la taka, na utoke kwenye barua pepe yako. Stetimenti ina majina na miamala ya wanachama wenzako. Wamekuamini na pesa zao, na siri zao pia.