Taa ya Nyuma Isiyoshindwa na Baridi

Katikati ya Desemba, mwanga wa jua katika mji wa Oulu, Finland, haufikii hata saa nne kwa siku, na bado watu huenda kazini na shuleni kwa baiskeli juu ya theluji iliyoshindiliwa. Tangu Juni 2020 sheria ya huko inamtaka mwendesha baiskeli awe na taa nyekundu nyuma gizani, na ni haki, maana ndiyo inayomwonya dereva kwamba mbele yake kuna mtu. Lakini wanunuzi wengi hutazama kwanza ukali wa mwanga ulioandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo wanapopotea. Balbu za LED hazidhuriki na baridi; hata hufanya kazi vizuri zaidi. Kinachozimisha taa ni betri. Baridi hupunguza kasi ya kemikali zinazozalisha umeme, na betri za kawaida za alkali hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Za lithiamu za kuchaji huhimili zaidi, ila zikichajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, utando wa metali hujijenga ndani yake na uwezo unaopotea haurudi. Taa itokayo nje ipate kwanza joto la nyumba ndipo ichomekwe. Tena kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji hukakamaa kwa baridi na kuacha upenyo. Maji ya theluji yenye chumvi ya barabarani huingia, na vijino vya shaba vilivyomo huota kutu ya kijani.

Kwa hiyo taa ya kudumu kweli ni ya dinamo. Sisemi ile ya chupa inayosugua tairi, ambayo huteleza ikikutana na theluji, bali iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele. Hutoa volti 6 na wati 3, na taa ya nyuma, iliyofungwa kwa bolti kwenye keria, hutosheka na wati 0.6. Pia haisubiri mtu akumbuke kuiwasha. Huko Odense, Denmark, jaribio la waendesha baiskeli karibu 4,000 lilionyesha kuwa waliofungiwa taa zinazowaka muda wote walipata ajali za kujeruhiwa kwa asilimia 19 pungufu. Wapo wanaosema dinamo huzima ukisimama kwenye makutano. Taa nzuri zina kapasita inayoziwezesha kuwaka dakika kadhaa zaidi. Wapo wanaolalamikia uzito wa kukanyaga, nao ni wati chache tu kati ya takriban 100 anazotoa mtu kwa mwendo wa kawaida. Hoja nzito ni bei, kwa sababu gurudumu zima hubadilishwa. Asiyeimudu atafute taa inayotumia betri za AA, aweke za lithiamu zisizochajiwa, zinazofanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na aifunge kwa skrubu. Mkanda wa mpira ukikakamaa kwa baridi hupasuka, na taa huanguka njiani bila mwenyewe kujua.