Shule za misioni: wazee wetu walitoa nini, walipata nini?



Shule nyingi ambamo watoto wetu wanasoma ni za Wakatoliki, za Waprotestanti au za Wakimbangu. Wazazi wengi wanazani ni zawadi tu ya Wazungu. Historia yaonyesha mambo mengine.

Kwetu mashariki, Mapadri Weupe walifika kwenye ziwa Tanganyika, wakapokea kituo cha Mpala mwaka 1885. Wanafunzi wa kwanza hawakuwa watoto wa machifu. Wengi walikuwa yatima na watoto waliokombolewa katika utumwa. Machifu na wazazi walisitasita: mtoto akienda misioni, nani atachunga mbuzi, nani atamsaidia mama shambani? Wengine waliwaficha watoto wao.

Tarehe 26 Mai 1906, serikali ya mfalme Léopold II ilipatana na Roma: kila misioni ya Kikatoliki itapewa udongo, hekta 100 mpaka 200, nayo itafungua shule ya kufundisha kilimo na kazi za mikono. Udongo huo ulikuwa wa vijiji vyetu, lakini wenyeji hawakuwa mezani siku ya kutia sahihi. Wababu wetu walifyatua matofali na kubeba miti. Wamama walichota maji na kuleta unga. Shule ndogo za vijijini zilishikwa na makatekista Waafrika, wenye mshahara kidogo sana.

Wabelgiji walipotawala tangu 1908 waliendelea na njia hiyo. Kisha 1925 walisaidia kwa feza misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka kisha Vita ya Pili ya Dunia. Serikali ilitaka watu wa kazi: makarani, waseremala, wasaidizi wa waganga. Masomo ya juu yalikuwa karibu katika seminari peke yake. Ndiyo sababu Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyesoma Mpala, alipata kuwa padri wa kwanza Mkongomani mwaka 1917, lakini chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu.

Na binti? Hapa ndipo panaumiza. Kijana mwanaume alifundishwa Kifaransa ili aingie katika biro. Binti alifundishwa kushona, kupika, kufua na kulea mtoto, mara nyingi kwa lugha ya kienyeji tu. Kazi hizo ni njema, nami nazifanya kila siku. Lakini asiyejua lugha ya karatasi hakuweza kusoma barua ya serikali wala kudai haki yake. Uhuru ulipofika 1960, hapakuwa hata mwanamke mmoja Mkongomani mwenye diploma ya chuo kikuu. Sophie Kanza aliipata Lovanium mwaka 1964. Kisha miaka miwili akawa waziri.

Hatukatai mema. Masista na mapadri walifundisha wengi kusoma, na Kiswahili chetu kiliandikwa katika vitabu vyao. Wazee pia walijua kuchagua: Wakimbangu, watoto wao walipofukuzwa katika shule za misioni, walifungua shule zao wenyewe.

Tangu patano la 1977, shule hizi ni za serikali, na makanisa yanaziongoza. Lakini matofali, maji na watoto vingali vinatoka kwetu. Basi komite ya wazazi ikiitwa, tusiwaachie wababa peke yao. Tuulize feza zinatumiwa namna gani, na mwalimu analipwa namna gani. Tuhesabu pia binti wangapi walianza mwaka wa kwanza, na wangapi wamefika mwaka wa sita. Wakipunguka njiani, twende nyumba kwa nyumba tuulize sababu. Mara nyingi si akili inayokosa: ni mtungi wa maji, ni mtoto mdogo wa kubeba, au ni feza iliyotolewa kwa kaka yake kwanza. Mambo haya tunaweza kuyatengeneza sisi wenyewe nyumbani, bila kungoja barua kutoka Kinshasa.