JEMBE LA UMUGANDA NA ELIMU YA NAFSI

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wananchi wa Rwimbogo, wilayani Rusizi, hutoka kufanya umuganda kama wenzao wa Rwanda nzima. Tena, kwa mpango wa Girinka ulioanzishwa mwaka 2006, familia maskini hupewa ng'ombe, nayo humpa jirani ndama jike wa kwanza.

Je, atoaye ndama huyo husukumwa na wema wa moyo, amri, au imani kwamba mali ya mmoja ni dhamana ya wengi? Hapo ndipo elimu ya nafsi, yaani saikolojia, isipokuwa na hadhari hupotoka. Kwa muda mrefu elimu hiyo iliwapima zaidi wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, kisha ikatangaza kwamba hivyo ndivyo alivyo binadamu.

Tutazame Kenya. Mtafiti wa Marekani, Jean Ensminger, aliwachezesha Waorma, wafugaji wa Mto Tana, mchezo wa fedha. Kila mchezaji alichangia kisirisiri mfuko wa pamoja. Mtafiti akauongeza maradufu, kisha ukagawanywa sawasawa. Mara wachezaji wakaupa jina: harambee! Walikwisha kuuona mchezo ule katika michango ya maisha yao. Asiyeijua harambee angepima mkono utoao, asiione imani iuongozayo.

Imani huweza pia kupofusha. Katika miaka ya 1960, Melvin Lerner alionyesha kwamba mtu amwonapo asiye na hatia akiteseka, naye hana uwezo wa kumwokoa, huelekea kumdharau, ili aendelee kuamini kwamba kila mtu hupata anachostahili. Imani hiyo ikihamia katika mambo ya uchumi, maskini huitwa mvivu kabla hajaulizwa neno.

Nasi tuvaao sare hatuna kinga. Tumkamatapo mchuuzi aliyepanga nyanya zake mahali palipokatazwa, sheria hutuamuru tumwondoe. Haituamuru tumhesabu kuwa mtu duni. Hukumu hiyo ya pili twaitoa wapi, kama si katika imani zetu wenyewe juu ya mali?

Basi, ndugu wapiganaji na askari polisi, kabla ya kuipima nafsi ya raia, hatuna budi kuanza kwa kuipima yetu.