Mlio Uliotaja Kitangari

Wanangu wa Mtwara, mnaoijua Kitangari kule Newala, leo nawasimulia jinsi habari za Kitangari zilivyosikika usiku angani juu ya Sudan, mwaka 1917.

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani na Waingereza waligombea nchi yetu, na babu zetu ndio waliobebeshwa mizigo yao, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa amebanwa huku kusini, risasi na dawa zikimwishia. Jeshi la majini la Ujerumani likaamua kumpelekea shehena kwa chombo cha angani kilichoitwa L59, puto lenye urefu wa mita 226. Kiliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba, kikavuka bahari, kikalikata jangwa kuelekea uwanda wa Makonde. Hakikutarajiwa kurudi. Kikifika kingebomolewa, na kitambaa chake kishonwe mahema.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, karibu na Khartoum, redio ya chombo hicho ikaanza kulia. Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa Morse: mlio mfupi, mlio mrefu, herufi moja moja. Herufi K ni mrefu, mfupi, mrefu. E ni mfupi mmoja tu. Mpokeaji husikiliza, penseli yake ikikimbia karatasini. Ujumbe ulisema: rudini, adui ameshika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, na Kitangari imo mikononi mwake. L59 ikageuza njia. Ilitua Bulgaria tarehe 25, baada ya saa 95 hewani. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma pale Ngomano, akaingia Msumbiji.

Lakini kazi ya Morse ninayoipenda mimi si ya vita. Ni ya kuokoa watu. Baharini, meli iliyopata ajali iliita SOS: mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu. Katika chumba cha redio palikuwa na saa ya ukutani yenye sehemu mbili zilizopakwa rangi nyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Mshale ukifika hapo, kila meli ilinyamaza kwenye masafa ya dharura na kutega sikio, isije ikawa mwenzao anazama na mlio wake ni hafifu. Kila saa, mara mbili, mchana na usiku.

Kisha zikaja setilaiti. Jeshi la majini la Ufaransa lilifunga Morse ya meli tarehe 31 Januari 1997, na tarehe 1 Februari 1999 meli kubwa duniani zikahamia mfumo mpya. Sasa boya la dharura hujiitia lenyewe msaada, hata kama mtu wa redio amelala au amekufa. Naona ni bora hivyo. Sikio la binadamu huchoka.

Ila mfumo huo unazibana meli za mizigo za tani 300 na zaidi, pamoja na meli za abiria, zinazosafiri kimataifa. Ngalawa na mashua za Msimbati hazimo. Kwa hiyo, wanangu, kabla hamjapanda chombo kwenda mlango wa Ruvuma, muulizeni nahodha: tukipata shida tutamwita nani, na kwa kifaa gani? Akikosa jibu, msipande.