Umeme wa saa mbili: isimu ndani ya pendekezo la utafiti wa nishati

Pendekezo la utafiti ni utanzu ambao vitivo vya lugha huupita bila kuutazama. Tunachambua tenzi, methali na hotuba za wanasiasa, lakini kurasa chache zinazoiomba serikali igharimie utafiti wa nishati tunawaachia wahandisi. Mwaka huu wahandisi vijana wanne wa Kolwezi, mji nilikozaliwa, waliniomba niwasaidie kuandika pendekezo lao. Walidhani wananiita kusahihisha Kifaransa. Kazi iliyonisubiri ilikuwa katika Kiswahili.

Kwa asiyeijua Kolwezi: ndiyo makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, mji uliozungukwa na migodi ya shaba na kobalti. Umeme si mgeni huko. Bwawa la Nzilo kwenye mto Lualaba lilianza kazi mwaka 1952, la Nseke mwaka 1956, yote mawili kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mwaka 1982 ikakamilika njia ya umeme kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, inayoishia katika kituo cha Kolwezi. Njia hiyo inapita juu ya vijiji visivyo na taa, na mjini kwenyewe, Manika na Dilala, nyumba nyingi bado zinapika kwa makala juu ya mbabula. (Msomaji wa Dar es Salaam asishtuke: kwetu makala ni mkaa. Hatupiki bukari kwa kuchoma maandishi.)

Rasimu ya wenzangu ilianza kwa kusema kwamba Kolwezi ina tatizo la umeme, na kwamba wanaomba fedha za kufunga paneli za sola. Sentensi ya kwanza ni kweli, ila hakuna awezaye kuipima. Ya pili inaomba vifaa. Nadhani neno letu “mradi” linachangia hapa, maana tunalitumia kwa kisima, kwa kuku na kwa utafiti vilevile. Anayetoa fedha za utafiti anataka kujua ni jibu gani halipo leo, litapatikanaje, na nani atalitumia likipatikana. Hilo la mwisho lilikuwa rahisi kwetu: sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu wazalishaji na wasambazaji wengine kuingia katika sekta iliyokuwa ya SNEL peke yake, na anayetaka kuuzia mtaa umeme, pamoja na anayemdhibiti, anahitaji kujua watu wanatumia nini na wakati gani.

Basi swali likawa: nyumba zilizounganishwa na waya zinapata umeme kiasi gani, na lini zinarudi kwenye makala?

Wahandisi walikuwa na hojaji tayari. Swali la kwanza: “Una umeme?” Mwenye waya usio na kitu tangu wiki iliyopita atajibu ndiyo. Mwenye umeme wa usiku wa manane tu, ndiyo. Aliyevuta waya kwa jirani, ndiyo, kwa sauti ya chini. Ni kwa sababu hiyo Benki ya Dunia, kupitia ESMAP, ilichapisha mwaka 2015 kipimo cha ngazi 0 hadi 5 kinachoangalia, pamoja na mambo mengine, muda: ngazi ya 3 inadai angalau saa 8 kwa siku, 3 kati ya hizo jioni, ngazi ya 5 inadai saa 23. Tukakichukua kipimo hicho, na shida ikaanza upya, kwa sababu sasa ilibidi tuulize habari za saa.

“Jana umeme ulikuwepo saa ngapi?” Mmoja atasikia swali la muda: ulidumu kiasi gani? Mwingine atasikia swali la wakati: ulikuja lini? Jibu la wote wawili laweza kuwa “saa mbili”. Na hata tukijua kwamba ni wakati, saa mbili ya usiku kwa hesabu ya Kiswahili ni 20:00, lakini kwa mtu aliyezoea saa ya Kifaransa shuleni na kazini, mbili ya usiku ni 02:00. Tofauti ni saa sita. Mchoro wa matumizi ungeonyesha mji unaopika alfajiri, na mtu angepanga mitambo yake kwa kuufuata.

Suluhisho nililopendekeza litawaudhi baadhi ya walimu wetu. Kwa muda tuliandika “masaa mangapi”, umbo ambalo wasahihishaji hulikata kwa wino mwekundu. Wazungumzaji wamekwisha kulipa kazi ambayo “saa” haiifanyi vizuri, ya kutenga muda na wakati, na mimi sioni sababu ya kulikataa wakati linaokoa data. Kwa wakati tuliacha namba kabisa: “kabla ya kupika chakula cha jioni”, “mlipokuwa mmekwisha kulala”. Mita katika baadhi ya nyumba zitathibitisha majibu.

Ratiba haikutusumbua sana. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili, mito hupungua kiangazi, kwa hiyo tumeomba kupima katika misimu yote miwili.

Bajeti ndiyo iliyozua ugomvi. Niliomba siku tano za kuijaribu hojaji mtaani kabla ya kazi yenyewe. Wenzangu walitaka fedha hizo zinunue mita zaidi. Niliwasomea swali lao la saa na kuwaomba wanne wote waandike jibu bila kuangaliana. Wawili waliandika muda, wawili wakati. Siku tano zikabaki.

Pendekezo lenyewe limeandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, kimo katika kiambatisho cha tatu tu, na ndicho watakachokisikia watu wa Manika mlangoni. Tumelipeleka. Jibu bado.